Barua Zilizokufa Saa ya Kreta

Ninyi mnaokaa sasa kwenye kile kiti changu chenye mguu mmoja mfupi, mliniomba niandike jinsi ya kuitunza programu ya barua pepe kwenye kompyuta ya ofisi, maana mimi ndiye niliyekaa nayo tangu ilipoletwa. Nimeandika. Lakini siwezi kueleza namna ya kuiapdeti bila kueleza siku nilipoiapdeti vibaya, na kila nikifika hapo uso unaniwaka kama mtu aliyechungulia tanuri. Habari yenyewe mmeisikia jikoni, tena ikiwa imetiwa chumvi. Aliyeanza kuitia chumvi ni mimi. Hapa naiandika bila chumvi, au tuseme kwa chumvi ya kawaida.

Nilianza hapa lojini kama mtunza stoo. Nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni pale Karatu mjini, nina ndevu na watoto, nimekaa kwenye dawati la darasa la pili magoti yakigusa kidevu. Kwa kuwa cheti changu kilikuwa na alama nzuri ya Kiingereza, mwenye loji akanihamishia mapokezi. Alama yenyewe ilikuwa C. Kule nyumbani Rhotia niliwaambia watu kwamba msahihishaji alilia aliposoma insha yangu, ikabidi apewe maji.

Kazi ya mapokezi, mnavyojua, ni barua. Wageni hawapigi hodi, wanaandika. Nikawa nasoma barua na kujibu barua mpaka wapishi wakanipa jina Mzee Posta, na jina hilo likanishika kuliko nililobatizwa nalo.

Kompyuta ya kwanza ilikuwa na virusi kiasi kwamba ungeiwasha, ukaenda Rhotia ukapanda mahindi, ukayapalilia, ukarudi ukakuta bado inazunguka. Mwenye loji akamleta Fundi Elibariki kutoka Arusha, kijana mpole mwenye mkoba wa nyaya. Akafuta kila kitu akaweka mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, Linux. Halafu akaniketisha akaniambia niandike neno la siri. Naandika, hakuna kinachoonekana. Si nukta, si nyota. Nikabonyeza kwa nguvu zaidi.

"Fundi, kibodi imekufa."

"Haijakufa, mzee wangu. Inakusikia, ila haionyeshi."

"Kama mama mkwe."

"Hasa. Andika tu, bonyeza kitufe cha kuingiza, halafu nyamaza."

Ndivyo ilivyo mpaka leo, kwa hiyo msibonyeze kwa nguvu. Ile herufi N iliyofutika kwenye kibodi ni alama ya kidole changu.

Vitabuni wanasema kusasisha. Sisi ofisini tumesema kuapdeti tangu siku ya kwanza, na sioni kama kompyuta imewahi kukasirika. Fundi alinipa amri mbili. Ya kwanza, sudo apt update. Ya pili, sudo apt upgrade. "Ya kwanza," alisema, "ni kwenda mnadani kuuliza leo kumekuja nini. Ya pili ndiyo kununua." Mimi kwa msimu mzima nilikuwa naenda mnadani, nauliza, narudi nyumbani mikono mitupu, kisha natangaza kwenye chai kwamba kompyuta yetu ni mpya kuliko zote kati ya Karatu na geti la Ngorongoro. Fundi alipokuja kukagua akakuta programu ya barua ni ileile aliyoiacha. Aliniangalia tu, akaandika amri ya pili yeye mwenyewe, taratibu, ili nione. Afadhali angenisema.

Mtauliza kuna haja gani ya kusumbuka, wakati barua zinaingia na kutoka. Haja ipo. Kila siku kuna mtu mahali fulani anatafuta tundu la kupenyeza barua ya uongo, na programu ya zamani ina matundu kama gunia la mkaa. Loji moja ya jirani, sitaitaja, ilifungua barua iliyosema ni orodha ya wageni, na mashine zao zote zikajifunga. Sisi ileile ilitufikia. Programu yetu, ikiwa imeshaapdetiwa, ikaiwekea alama nyekundu na onyo. Siku hiyo nilitembea kifua mbele hadi Ganako kwa miguu, na bado nilitaka kuendelea.

Sasa, lini? Intaneti yetu mnaijua. Wageni wakiwepo kila mtu anatuma picha za simba, na ukianza kushusha programu mpya wanakuja mapokezi wamevimba. Fundi ndiye aliyegundua njia. Asubuhi magari yakishashuka kreta na wageni na vyakula vyao vya boksi, loji inabaki na wafanyakazi na ndege. Hapo intaneti yote ni yetu mpaka magari yaanze kurudi. Tukaiita saa ya kreta. Apdeti zote fanyeni saa ya kreta. Betri ya akiba iwe imejaa, maana umeme wa huku haukuagi unapoondoka. Ukikatika katikati ya kazi msilie. Kompyuta ikiwaka tena andikeni sudo dpkg --configure -a, nayo itaendelea pale ilipoachia.

Basi tufike kwenye siku yenyewe.

Mvua za masika zilikuwa karibu. Masika wageni ni wachache, na mwenye loji alikuwa ametuambia wazi: wakija wale watu wa ndege, jiko litabaki wazi, wasipokuja, jiko linafungwa mpaka Juni na wapishi waende makwao. Watu wa ndege ni kikundi cha wazee kutoka Ulaya ambao huja na darubini kutazama ndege wa porini wakati wengine wote wamekimbia matope. Kiongozi wao ni Bibi Helga, mama mrefu, mkimya, mwenye kofia ya nyuzi. Alikuwa ameandika kwamba wiki hiyo atatuma barua ya kuthibitisha. Na jikoni alikuwepo Mama Safina, mpishi mkuu, mwenyeji wa Karatu mjini, pamoja na wanawake wake watatu wa jikoni, wote wanasubiri barua hiyo. Kila nikipita dirishani kwake aliniuliza, "Ndege wametua?" nami namjibu, "Bado wanazunguka."

Wiki hiyohiyo kampuni inayotupitishia barua ikatangaza kwamba programu za zamani hazitaruhusiwa tena kuingia. Ilibidi tupandishe mfumo mzima wa Linux kwenye toleo jipya, na programu ya barua iende nayo. Fundi akanipigia.

"Mzee wangu, kabla hujagusa kitu, nakili folda ya barua uiweke kwenye flashi. Yote."

"Nimeshanakili."

Sikuwa nimenakili. Flashi ilikuwa na nyimbo za kwaya na sikutaka kuzifuta.

Asubuhi, saa ya kreta, nikaanza. Mambo yakaenda vizuri, maandishi yakipanda kwenye kioo kama siafu. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha, nikafungua programu ya barua. Ikanikaribisha. Ikaniuliza anwani yangu ni ipi, kana kwamba hatujawahi kuonana. Kushoto hakuna folda. Kulia hakuna kitu. Barua zote za miaka yote, hakuna. Na zetu zilikuwa zikishashuka kwenye kompyuta zinafutwa kule zinakotoka, kwa sababu tulipewa nafasi ndogo, kwa hiyo hakukuwa na pa kuzichota tena.

Nilipiga ukelele. Sioni sababu ya kuficha, ulisikika hadi barabarani. Mama Safina akaja mbio na mwiko mkononi, wanawake wake nyuma.

"Nani kafa?"

"Barua."

"Barua ya nani?"

"Zote, Mama Safina. Zimekufa zote. Hata moja sikuiokoa."

Wakaniletea chai. Wakakaa nami kimya kama tuko matangani. Mmoja akanipa pole kwa mikono miwili. Mama Safina akauliza, "Na ya watu wa ndege ilikuwemo?"

"Kama ilikuja alfajiri, ilikuwemo."

"Basi na jiko limekufa," akasema, akaenda zake.

Nikampigia Fundi. Hapatikani, alikuwa kazini juu ukingoni mwa kreta, mahali ambapo simu haishiki. Mtu mwenye akili angesubiri. Mimi niliwaza lile jiko, nikaweka anwani yetu kwenye ile programu tupu, nikachukua kadi za wageni zenye anwani zao zilizokuwa kwenye droo, nikawaandikia wateja wote kwa mkupuo. Niliandika kwa Kiingereza cha shule ya usiku, kwa haraka, na nikaona si vibaya kukipamba kidogo ili waguswe. Mtu wa Ulaya akiisoma, ilisema hivi: "Leo asubuhi msiba mkubwa umetupata. Wote waliokuwa ndani wamekufa. Hatukuweza kuokoa hata mmoja. Tafadhali tuandikieni tena."

Kosa langu mtaliona mara moja, kwa kuwa nimelitafsiri. Kichwani mwangu nilikuwa nasema "zote." Kwa Kiswahili ukisema zote zilizokuwa ndani, hakuna atakayedhani ni watu, na ukisema wote waliokuwa ndani, hakuna atakayedhani ni barua. Kiingereza hakina ngeli. Kina neno moja kwa barua, kwa mbuzi na kwa wapishi, na mimi katika pupa yangu sikuandika popote kwamba nazungumzia barua.

Mchana Fundi akapiga. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa.

"Hazijafa, mzee wangu. Programu mpya imefungua chumba kipya. Vitu vyako viko chumba cha zamani, folda iliyofichwa, jina lake linaanza na nukta. Si una ile nakala kwenye flashi?"

Nikaanza kumweleza habari za kwaya.

"Aa," akasema. "Haya, tufanye bila nakala."

Akanielekeza kuonyesha folda zilizofichwa, kunakili chumba cha zamani chote na kukiweka ndani ya chumba kipya, kisha kuiambia programu ianze na hicho. Barua zikatokea zote, kimya, kama watoto waliojificha chini ya kitanda. Hilo mlishike: programu ikifunguka tupu baada ya apdeti, msiandike kwa mtu yeyote. Tafuteni kwanza folda yenye nukta. Ya Bibi Helga haikuwemo; alikuwa bado hajaituma.

Ilikuja kesho yake, pamoja na rambirambi kutoka nchi ambazo sijui hata ziko upande gani. Bibi Helga aliandika kwamba wamelia. Kwamba hawataki kuwa mzigo kwetu wakati wa maombolezo, na kwa hiyo watatafuta pa kulala kwingine.

Nilisoma mara mbili. Mama Safina alikuwa mlangoni.

"Ndege?"

"Wanadhani tumepata msiba. Hawataki kutusumbua."

"Msiba gani? Si zilikuwa barua? Waambie ukweli, waje."

"Ninawaambia sasa hivi."

Kusema kweli ilikuwa ni kuandika mistari miwili: ni barua, na nilizidhani zimekufa kwa sababu sikujua nilichokuwa nafanya. Nilishindwa. Niliona aibu mbele ya mwanamke mwenye kofia ya nyuzi aliye mbali nami bara zima. Nikaandika kwamba sasa tuko salama, wote wamepatikana, walikuwa chumba kingine, tunawasubiri kwa furaha. Hakuna neno hapo lililokuwa la uongo, na yote yalikuwa uongo. Mama Safina hasomi kabisa, wala Kiingereza hajui. Akaniuliza, "Umewaeleza?" Nikasema, "Nimewaeleza." Siku iliyofuata Bibi Helga akajibu kwamba wanamshukuru Mungu kwa manusura, na wanakuja. Jikoni walipiga vigelegele. Mimi nilikula ubwabwa wao siku hiyo nikaona hauna ladha.

Walifika mvua ikinyesha, magari mawili, yamejaa hadi juu. Madereva wakaanza kushusha maboksi. Sufuria mpya. Mablanketi. Nguo zilizokunjwa vizuri. Halafu magongo ya kutembelea, jozi kadhaa, yamefungwa kwa utepe. Wafanyakazi tulikuwa tumejipanga barazani na juisi ya kuwakaribisha, kama kawaida yetu. Mama Safina aliyatazama magongo.

"Haya ni ya nini, Mzee Posta?"

"Zawadi."

"Zawadi ya magongo? Nani anachechemea hapa?"

Bibi Helga alikuja moja kwa moja kwake, kofia imelowa, akamshika mikono yote miwili, akasema jambo kwa sauti ndogo.

"Anasemaje?" Mama Safina akaniuliza.

"Anauliza kama na wewe ulikuwa ndani."

"Ndani ya nini?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Madereva wameacha kushusha.

"Mzee Posta. Ndani ya nini?"

Nikamwambia, pale pale, mbele ya wanawake wake na wahudumu na madereva. Nilichoandika mara ya kwanza, na nilichoandika mara ya pili nikijua. Nilitegemea atapiga kelele. Angepiga kelele ningepona. Aliweka tu trei chini.

"Waambie hivyohivyo kwa lugha yao. Mimi sijui Kiingereza lakini nitakuwa nautazama mdomo wako. Usipunguze, na kwa leo tu, usiongeze."

Nikawaambia. Nimewahi kusema Kiingereza kirefu, nimewahi kuwasimulia wageni juu ya tembo aliyeingia stoo akachagua sukari akaacha chumvi. Siku ile Kiingereza changu kilikuwa kifupi kuliko cha mtoto wa darasa la tatu. Hakuna aliyekufa. Ni barua. Zilikuwepo muda wote. Nilijua mmenielewa vibaya, na nikawaacha.

Mzee mmoja nyuma alianza kucheka, akaona wenzake hawacheki, akaacha. Bibi Helga alichutama kwenye boksi moja akatoa blanketi la nyuzi, la rangi ya kahawia na njano, kingo zake zimepinda. Akalishika bila kunipa. Akasema dada yake ndiye aliyelifuma. Dada yake macho yamekwisha karibu kabisa, anafuma kwa kupapasa, na alilimaliza upesi kwa sababu aliambiwa kuna watu huku wamepoteza kila kitu.

"Sema," Mama Safina akasema. Nikatafsiri. Nilitafsiri hata habari ya macho ya dada.

Mama Safina alisogea akalichukua lile blanketi kutoka mikononi mwa Bibi Helga, akajitanda nalo juu ya kanga, na kwa mvua ile na baridi ile lilimkaa. "Mwambie hili nimelipokea. Nimelipokea mimi mpishi, mzima wa afya, kwa sababu huku kwetu kuna baridi na limefumwa vizuri. Sufuria ninazo. Magongo arudi nayo. Na muulize, baada ya haya, wanalala hapa au wanaondoka. Nina moto jikoni, nijue niuzime au niuache."

Nikauliza. Sijawahi kuuliza swali nikiogopa jibu lake kiasi kile. Bibi Helga aliwageukia wenzake wakasemezana kwa lugha yao. Kisha akaniambia, akinitazama kwa mara ya kwanza, kwamba wamekuja kuona ndege, wamechoka, na wangependa kujua chakula ni saa ngapi.

Jiko halikufungwa masika ile. Maboksi niliyarudisha kwenye magari mimi peke yangu, moja moja, kwenye mvua. Wahudumu walitaka kunisaidia, Mama Safina akawaambia waangalie juisi isipoe, na juisi ile ilikuwa ya baridi.

Asubuhi yake wageni walipokwenda na darubini zao, alikuja ofisini. Alikuwa hajawahi kukaa kwenye ofisi ile. Alivuta stuli, blanketi begani, akaniambia niandike barua kwa dada ya Bibi Helga, na nyingine kwa kila aliyeleta rambirambi. Alitunga yeye. Nikimaliza mstari ananiambia nimsomee kwa Kiswahili, na nikisoma haraka ananirudisha.

"Andika, hakuna aliyekufa."

Nikaandika.

"Andika, blanketi lina joto. Andika, linavaliwa na mtu ambaye hakupoteza kitu, na anaomba radhi kwa hilo."

Nikaandika.

"Sasa chini hapo umeweka nini?"

"Jina la loji. Ndiyo kawaida. Linajiweka lenyewe."

"Loji haikuandika ile barua," akasema. "Lifute. Weka lako."

Nikalifuta, herufi moja baada ya nyingine. Nikaandika jina langu la ubatizo, la baba na la babu, na yeye akiwa ameinama karibu na kioo, akizihesabu herufi ambazo hakuweza kuzisoma, mpaka akaridhika kwamba nimefika mwisho. Kisha akaniambia nitume, akainuka, akaenda kuangalia vitunguu vyake.